Wasomaji Wanauliza: Vipi katuni ya vichekesho hudumu zaidi ya miaka 30?

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi katuni ya Kimarekani iitwayo The Simpsons, ambayo ilianza kuonyeshwa kama kipindi kamili tarehe 17 Disemba 1989 na ambayo bado inatengenezwa. Barua zilizotufikia kutoka Unguja na Pemba zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua baadhi yake, tumezifupisha bila ya kubadilisha maana, na tunazijibu hapa moja baada ya moja.

Msomaji wa Wete, Pemba: *Assalaam alaykum. Mimi na wenzangu tunabishana. Wao wanasema siku hizi katuni inatengenezwa na kompyuta, mtu kazi yake ni kubonyeza tu. Mimi nasema wapo watu wanaochora. Nani mkweli, na vipi wanapata sehemu mpya kila wiki?*

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, wewe ndiye uliye karibu zaidi na ukweli, ila wewe na wenzako nyote mmeanza kuihesabu kazi kutoka mwisho wake. Katuni ya vichekesho huanza kwa maneno, na penseli huja baada ya miezi.

Waandishi wa kipindi hiki hukusanyika katika chumba kimoja mjini Los Angeles. Mmoja wao huleta wazo la kisa, wenziwe hulichambua na kulipinga na kuliongezea, na likikubalika yeye hupewa muda wa kwenda kuliandika. Anaporudi na mswada mkononi, mswada huo si wake tena: kundi zima hukaa likaupitia mstari kwa mstari, na kichekesho kisichochekesha hutolewa bila ya kuangaliwa nani alikiandika. Ndiyo maana jina moja linaloonekana kwenye skrini kuwa ni la mwandishi huficha jasho la watu wengi, na si ajabu mswada ukaandikwa upya mara kadhaa kabla ya mtu yeyote kuchora hata sikio la mhusika.

Baada ya hapo huja kikao cha kusoma. Waigizaji wa sauti hukaa kuzunguka meza, waandishi na wageni wachache huwa nyuma yao, na mswada husomwa wote kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Waandishi husikiliza kicheko cha chumba huku wakiweka alama pembeni mwa kurasa, kwa sababu kipindi hiki tangu kilipoanza hakijawahi kutiwa vicheko vya kurekodi, kwa hiyo sentensi isipojitosheleza yenyewe hakuna kitakachoiokoa. Pale palipokaa kimya huandikwa tena. Sauti hurekodiwa studio baada ya marekebisho hayo, na ni juu ya sauti hizo ndipo wachoraji wanapoanza kazi: mchoraji husikiliza pumzi, kigugumizi na mguno wa mwigizaji, kisha akaamua nyusi ziinuke wapi na bega lishuke wapi. Mfano mzuri ni ule mlio anaoutoa baba wa nyumba, Homer, kila anapoharibu jambo. Mswada huandika tu kwamba hapo uwepo mguno wa kukereka, na mlio wenyewe ulibuniwa na mwigizaji Dan Castellaneta.

Michoro ya mwanzo huwa ya penseli, haina rangi wala mandhari kamili, nayo huunganishwa na sauti ikawa kama rasimu ya filamu. Waandishi huitazama rasimu hiyo na kubadilisha tena, kwa kuwa kitu kilichochekesha kiliposomwa kinaweza kupooza kinapoonekana. Ndipo huja michoro kamili, rangi, mandhari na muziki. Kwa miaka mingi muziki wa ndani ya kila sehemu ulitungwa na Alf Clausen na kupigwa na okestra ya watu halisi. Ule wa ufunguzi ni wa Danny Elfman.

Sasa tuhesabu. Filamu hupita kwa fremu 24 katika kila sekunde. Wachoraji kwa kawaida huuacha mchoro mmoja ukae kwa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja ya mwendo kamili huhitaji michoro 12. Sehemu ya dakika 22 ina sekunde 1,320, yaani fremu 31,680. Si kila fremu huchorwa upya yote. Mhusika akisimama anazungumza, kiwiliwili chake hubaki vile vile na kinachobadilishwa ni mdomo, macho na pengine mkono mmoja. Hata hivyo kazi ni kubwa, na wenzako wana haki kidogo hapa: hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 rangi ilikuwa ikipakwa kwa mkono juu ya karatasi za plastiki angavu, na kuanzia msimu wa 14, mwaka 2002, kazi hiyo ya rangi ilihamia moja kwa moja kwenye kompyuta. Kompyuta ilipokea brashi. Haikupokea kazi ya kufikiri.

Kuhusu kila wiki, jawabu ni kwamba sehemu moja huchukua takriban miezi tisa, na wakati mwengine zaidi, tangu wazo mpaka kuonyeshwa. Wanachokifanya ni kama mkulima wa mwani wa Paje mwenye kamba nyingi baharini, hii ameifunga leo, ile inakua, na nyengine anaivuna. Katika wiki moja hiyo hiyo waandishi wanabishana juu ya kisa kipya, waigizaji wanarekodi kingine, wachoraji wako kwenye cha tatu, na wapiga muziki wanamalizia kile ambacho mtazamaji atakiona karibuni. Mtu mmoja lazima azijue zote kwa pamoja, naye ni msimamizi mkuu wa kipindi. Al Jean aliubeba mzigo huo kwa miaka mingi kuanzia 2001. Kwa miaka mingi msimu wa kawaida ulikuwa na sehemu 22 hivi.

Jambo moja dogo linanifurahisha. Ule ufunguzi mrefu, wa mawingu na mji na familia kukimbilia kochi, uliwekwa makusudi ili kupunguza dakika za kuchorwa kila wiki, na mtazamaji akafidiwa kwa mzaha wa ubaoni na wa kwenye kochi unaobadilika kila mara. Mpaka leo wapo watazamaji wanaousubiri mzaha wa kochi kuliko kisa chenyewe.

Mama wa watoto, Fuoni: *Watoto wangu wananiuliza yule mvulana mtundu, Bart, mbona hakui? Mimi nimemwona tangu niko skuli. Na sauti yake mbona haibadiliki?*

Mama yetu, sauti haibadiliki kwa sababu mwenye nayo ni mwanamke. Anaitwa Nancy Cartwright, na ameifanya kazi hiyo tangu 1987, wakati familia hii ilipokuwa bado ni vipande vifupi vya dakika moja au mbili ndani ya kipindi kingine cha televisheni, The Tracey Ullman Show. Alikwenda kwenye usaili akikusudia kuisoma nafasi ya dada mtu, Lisa, lakini alipoyaona maelezo ya kaka mtu akayapenda zaidi, akaomba ajaribu hiyo, na akapewa. Yeardley Smith, ambaye sauti yake ilionekana nyembamba mno kwa mvulana, akawa Lisa. Sauti za baba na mama zilitoka kwa Dan Castellaneta na Julie Kavner, ambao walikuwa tayari wamo katika kundi la waigizaji wa kipindi kile, basi wakaombwa wafanye na hili pia. Kumpa mwanamke sauti ya mvulana ni desturi ya zamani katika katuni, kwa kuwa mtoto wa kiume halisi akibaleghe mtengenezaji hubaki hana mtu.

Ama kutokukua, hilo ni uamuzi wa waandishi. Bart ana miaka 10, Lisa ana 8, na mdogo wao Maggie bado ananyonya chuchu ya plastiki, zaidi ya miaka 30 sasa. Tamthilia ya watu halisi hulazimika kuozesha watoto, kuzika wazee na kuleta wajukuu. Katuni haina deni hilo, na kila sehemu inaweza kuanza pale pale ilipoanzia ile ya kabla. Wajapani wamekwenda mbali zaidi. Katuni yao Sazae-san, inayohusu familia ambayo watu wake wamepewa majina ya vitu vya baharini, ilianza tarehe 5 Oktoba 1969 na huonyeshwa kila Jumapili jioni, visa vitatu vifupi katika nusu saa, na hakuna aliyezeeka humo. Midori Katō amemtia sauti mhusika mkuu tangu siku ya kwanza.

Lakini waigizaji wenyewe wanazeeka, na hapo ndipo mkono wa wakati unapoingia. Phil Hartman alipouawa mwaka 1998, wahusika wake wawili wakubwa waliondolewa badala ya kutafutiwa sauti nyengine. Alipofariki Marcia Wallace mwaka 2013, mwalimu wa Bart akaondoka naye. Mimi binafsi naona walifanya la heshima, ingawa najua wapo watakaosema kwamba mhusika ni mali ya kipindi na si ya mtu.

Na kwa kuwa umetaja watoto, niruhusu nikuambie bila ya kuficha kwamba kipindi hiki hakikuandikwa kwa ajili yao. Kimejaa pombe, siasa na mizaha ya watu wazima. Ukikaa nao ukatazama sehemu mbili tatu, utajua mwenyewe ya kuwaachia na ya kuwazimia.

Msomaji wa Kiembesamaki: *Mbona zamani ilichekesha zaidi?*

Watazamaji wengi wanasema misimu kumi ya mwanzo ndiyo bora, na mimi ni mmoja wao. Kipindi hiki kilivuka sehemu 635 za Gunsmoke, tamthilia ya Kimarekani ya wapanda farasi, katika Aprili 2018, na kikafika sehemu ya 700 katika Machi 2021. Mwandishi anayekaa leo kwenye chumba kile kila wazo analolitaja, pana mwenzake anayemwambia kwamba hilo tulishalifanya.

Kijana wa Mkoani, Pemba: *Nimesikia michoro yenyewe inafanywa Korea. Hivyo si kuwadanganya watu kwamba ni kazi ya Marekani?*

Si udanganyifu, kwa sababu majina ya studio za Korea Kusini huandikwa mwishoni mwa kila sehemu, ingawa nakiri kwamba herufi hupita mbio. Mgawo wa kazi ni huu: Marekani huandikwa mswada, hurekodiwa sauti, na huchorwa mikao muhimu ya wahusika, yaani mwanzo na mwisho wa kila tendo. Seoul huchorwa michoro ya katikati inayoiunganisha mikao hiyo, na hutiwa rangi. Sababu kubwa ni gharama, maana michoro ya katikati ndiyo mingi na ndiyo inayokula mikono ya watu.

Mpango huo nusura uwazamishe mapema. Sehemu ya kwanza kabisa kutengenezwa iliporudi kutoka Korea mwaka 1989, watayarishaji walipoitazama walifadhaika, kwa kuwa mwendo wa wahusika ulikuwa haulingani na mtindo walioutaka, na takriban asilimia 70 ikabidi ifanywe upya. Palikuwa na mazungumzo ya kuufuta mradi wote kama sehemu iliyofuata nayo ingekuja vibaya. Ilikuja vizuri. Hata hivyo uzinduzi uliahirishwa, kipindi kikafunguliwa Disemba kwa kisa cha Krismasi, na ile sehemu iliyoharibika, baada ya kutengenezwa tena, ikaonyeshwa mwisho wa msimu, Mei 1990.

Tukirudi kwenye swali lako la nani mwenye kazi: anayechora michoro 12 kwa sekunde moja ya Homer kuinuka kwenye kochi amefanya kazi ya ufundi mkubwa, na kwa maoni yangu jina lake lilistahiki kupita polepole zaidi.

Wazee wa barza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe: *Hapa barzani tumeonyeshwa kwenye simu kwamba katuni hii ilitabiri urais wa Trump miaka mingi kabla. Watu hawa wanajua nini?*

Wazee wangu, shikamooni. Ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu, na hawa si watabiri. Ni kweli kwamba katika sehemu iliyoonyeshwa tarehe 19 Machi 2000, Lisa anaonyeshwa akiwa rais wa wakati ujao, naye analalamika kwamba Rais Trump amemwachia hazina tupu. Lakini jina hilo halikushushwa kutoka mbinguni: Trump alikuwa akiulizwa hadharani kuhusu kugombea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1999 aliunda kamati ya kupima nafasi yake. Waandishi walitafuta jina ambalo kwa wakati ule lingemfanya Mmarekani acheke.

Ile picha nyengine inayozunguka kwenye WhatsApp, ya Trump akitelemka kwa ngazi za umeme huku akipunga mkono, ni ya mwaka 2015. Yeye alitelemka ngazi hizo mwezi wa Juni, na katuni ikatoka Julai ikimwiga. Aliyeituma kwenu ameipa mwaka 2000, na hapo ndipo muujiza ulipozaliwa.

Tena litazameni jambo hili kwa hesabu ile tuliyoifanya juu. Kazi ya miezi tisa haiwezi kukimbizana na habari za jana, kwa hiyo waandishi hulazimika kufanya mzaha juu ya mambo yanayoweza kutokea. Ukiwa na sehemu zaidi ya 700, na kila moja ina mizaha kwa makumi, mingine itasadifu. Ile isiyosadifu haitumwi na mtu.

Msomaji wa Makunduchi: *Nimesoma kwamba South Park hutengenezwa kwa siku sita. Kama hao wanaweza, hawa wengine miezi tisa ya nini?*

Umesoma sahihi. South Park, katuni nyengine ya Kimarekani ya vichekesho vya watu wazima, ilianza tarehe 13 Agosti 1997. Sehemu yake ya kwanza ilifanywa kwa vipande vya karatasi vilivyokatwa kwa mkono na kusogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera, na ilichukua miezi. Baadaye wakahamia kwenye kompyuta wakiuacha ule umbo wa karatasi uonekane kwa makusudi. Wahusika wake hawatembei, hurukaruka tu, na uso huwa na macho na mdomo basi. Kwa kuwa hakuna michoro ya kupeleka nchi nyengine, waanzilishi wake, Trey Parker na Matt Stone, huanza kuandika siku sita kabla, hutia sauti nyingi wenyewe, na hukabidhi kazi saa chache kabla ya kurushwa. Ndiyo maana mwaka 2008 waliweza kuonyesha sehemu juu ya ushindi wa Obama siku moja baada ya uchaguzi.

Bei ya mwendo huo ni kwamba hakuna akiba. Katika Oktoba 2013 umeme ulikatika studioni kwao usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, na kwa mara ya kwanza wakakosa kutoa sehemu kwa wakati. Sisi tuliokaa karibu miezi mitatu bila ya umeme Unguja, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, tutawaonea huruma kwa kiasi. (Na tahadhari ile ile niliyompa mama wa Fuoni, hapa izidisheni mara kumi.)

Mwanafunzi wa Chake Chake: *Sisi ni vijana wanne, tunachora na tunapenda vichekesho. Tunaweza kutengeneza katuni yetu kwa Kiswahili, au lazima mtu awe Marekani?*

Mwanangu, mfano mnao karibu. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kuonyeshwa mwaka 2014, inasomesha hesabu na sayansi kwa nyimbo, na imekwenda nchi nyingi za Afrika. Kabla yake, mwaka 2010, Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi kwa ajili ya televisheni ya Uingereza, kwa mtindo wa michoro ya tingatinga mnaoujua. Hizo ni za watoto. Katuni ya vichekesho vya watu wazima kwa Kiswahili cha visiwani, yenye mzaha wa dalali na mkwe na mwenye daladala, bado naisubiri.

Programu za bure zinazofanya kazi hii zipo, miongoni mwao Blender, Krita na OpenToonz. Lakini msianze nazo. Andikeni kisa cha dakika moja chenye watu wawili waliosimama mahali pamoja, tuseme muuza duka na mteja wa mkopo. Kisomeni kwa sauti mbele ya watu wasiokuwa rafiki zenu, kwa sababu rafiki hucheka kwa adabu, na mfute kila walipokaa kimya. Kisha rekodini sauti kwa simu.

Kwa midomo, Kiswahili kinawapa nafuu kubwa. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Choreni midomo mitano, ya a, e, i, o na u, ongezeni mmoja uliofumbwa kwa ajili ya m, b na p, na mmoja wa meno kugusa mdomo wa chini kwa ajili ya f na v. Kwa midomo saba hiyo mtaweza kumsemesha mhusika lolote. Chukueni karatasi, igawanyeni mistari 12 kwa kila sekunde, sikilizeni rekodi polepole, na mwandike mdomo gani unakaa mstari gani. Neno "sina" likichukua nusu sekunde, basi lina mistari sita: mitatu ya i, mitatu ya a, na herufi s na n hazihitaji mdomo wake. Mkiwa wanne, mmoja afanye karatasi hiyo, wawili wachore, na wa nne ashughulikie mandhari na sauti za nje.

Rekodini chumba chenye magodoro na mapazia, usiku baada ya isha mitaa inapotulia, na mzime feni, maana mvumo wake huingia kwenye rekodi na hautoki.